Nimeacha pombe: je, naruhusiwa kukaa na kikundi kinachokutana ukumbi wa kanisa?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mkaazi wa Mombasa, nina mke na watoto. Nimekunywa miaka mingi, nilianza na mnazi huko mangweni (vilabu vya tembo), baadaye nikawa nanywa chochote kilichopatikana. Kila mwaka naacha Shaabani ikiisha, Idi mosi narudi. Safari hii niliacha ghafla, nikatetemeka mpaka mke wangu akanikimbiza hospitali, nikalazwa. Sasa nimetoka na dawa, na daktari ametaka nihudhurie kikundi cha watu walioacha ulevi. Kikundi chakutana ukumbi wa kanisa, na kila mtu huongea habari zake mbele ya wenzake. Kaka yangu mkubwa amekataa. Asema Muislamu hapozwi kanisani, nikae msikitini, nyiradi zatosha. Na nimesikia kuwa sala yangu haikubaliwi siku arobaini, hata kusali naona uzito. Nifanye nini?

JAWABU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Alhamdulillahi aliyekutoa huko ukiwa hai.

Naanza na sala, maana hapo ndipo shetani atakapokuwahi kabla ya kwengine kote. Hadithi hiyo ipo, wameipokea Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Ila wengi wanaoisimulia huikata katikati. Baada ya kutajwa hizo siku arobaini, Mtume (S.A.W.) akasema kuwa mnywaji akitubu, Mwenyezi Mungu humkubalia toba yake. Wewe umetubu. Tena wanazuoni, Imamu Nawawi akiwa mmoja wao, walipozieleza hadithi za namna hii walisema anachokosa mtu ni thawabu, ama faradhi yenyewe imemwondokea, wala hatakiwi kuilipa. Hakuna mwanachuoni aliyesema mlevi aache kusali. Aya ya 43 ya Sura An-Nisaa yakataza kuikaribia sala mtu akiwa amelewa hata ajue anachokisema, na wewe leo wajua unachokisema. Inuka utie udhu.

Kaka yako simlaumu, amesema kwa mapenzi, na nyiradi ni kweli uzishike. Lakini alipofika kwenye neno "zatosha", hapo ameliacha jambo ambalo Mtume mwenyewe ameliamrisha. Usama bin Sharik amesimulia kuwa mabedui walimuuliza Mtume kama wajitibu, naye akawajibu wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Ulevi ni dhambi, hilo halina mjadala baada ya aya ya 90 ya Al-Maida. Na mwili uliozoea pombe kila siku una maradhi vilevile. Moja halilifuti la pili: dhambi inataka toba na maradhi yanataka tabibu.

Nieleze kidogo hapa, si kwa ajili yako tu, kwani umeshavuka, bali kwa nyumba nyengine zitakazosoma. Mtu anywaye sana kila siku, ubongo wake umejipanga kwa kuitegemea pombe. Ikikatwa ghafla, baada ya saa chache huanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za mwanzo aweza kupatwa na kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho. Siku ya pili au ya tatu wengine huweweseka, wakaona wadudu na watu wasiokuwapo, moyo ukaenda mbio na homa ikapanda. Hapo ndipo jamaa husema amepandwa na jini, wakamfungia chumbani na kuanza kumsomea. Someni, lakini mkiwa njiani kuelekea hospitali. Hali ile huua. Daktari ana dawa za kutuliza anazozitoa kwa kipimo na kwa siku chache, pamoja na vitamini B1, na kwa hizo wengi huvuka salama. Dawa hizo zikitumiwa kama alivyoagiza tabibu hazina makosa, na asiwepo wa kumwambia mgonjwa kuwa amebadilisha kileo kwa kileo. Aya ya 195 ya Al-Baqara imetukataza kujitupa kwa mikono yetu kwenye maangamizi.

Huulizwa: basi mtu kama huyo aendelee kunywa kidogo kidogo mpaka iishe? Mimi sitoi ruhusa hiyo. Aende hospitali leo, aseme kweli anakunywa nini na kiasi gani, asipunguze kwa haya. Mpango wa kumtoa salama ni kazi ya tabibu.

Ama kikundi. Njia hiyo, iitwayo Alcoholics Anonymous (AA), ilianzia mji wa Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa watu wawili waliokuwa walevi wenyewe, mmoja wao daktari. Waligundua kuwa mlevi akikaa na mlevi mwenzake aliyeacha, huweza kushinda siku ambayo peke yake ingemshinda. Hawatozi ada, na sharti la kuingia ni moja tu, kutaka kuacha. Wana hatua kumi na mbili, na ndani yake wamtaja Mungu "kama kila mtu anavyomfahamu". Basi wewe mfahamu kama ulivyomfahamu tangu chuoni: Mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Wakifunga kikao kwa dua ya dini yao, nyamaza na umuombe Mola wako moyoni. Waislamu wa Baltimore mwaka 1989 walizichukua hatua zizo hizo wakaziweka katika misingi ya Uislamu, wakajiita Millati Islami. Na Zanzibar kwenye soba hausi, yaani nyumba wanamokaa wanaoacha ulevi na dawa za kulevya, ambako wengi wanaopata nafuu ni Waislamu, hatua hizi zinatumika bila mtu kutoka kwenye dini yake.

Jengo lisikusumbue. Bukhari, katika kitabu chake cha hadithi, ameweka mlango (sura) juu ya kusali ndani ya kanisa, akataja kuwa Sayyidna Umar alikuwa haingii humo kwa sababu ya masanamu na mapicha, na kuwa Ibn Abbas alikuwa akisali ndani yake isipokuwa lile lenye masanamu. Ikiwa swahaba amesali humo, wewe unakwenda kukaa kitini katika ukumbi, wala si mahali pao pa ibada. Kama upo msikiti wenye kikao cha namna hiyo karibu nawe, huo ni bora. Haupo? Basi usingoje ujengwe. Na kwa maimamu wenzangu: kijana wetu akienda kutafuta msaada ukumbi wa kanisa, la kuulizana ni kwa nini kwetu hakuupata.

La kuongea mbele ya watu lina uzito zaidi, na nimefurahi umelitaja. Mtume amesema umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaozidhihirisha dhambi zao, na akatoa mfano wa mtu aliyesitiriwa na Mola wake usiku, asubuhi akalivua pazia mwenyewe. Huyo ni mwenye kujitapa au kutojali. Nawawi ameeleza katika Al-Adhkar kuwa mtu akimweleza dhambi yake sheikh wake au mfano wake, anayetarajia kwake njia ya kutoka au dua, hana ubaya. Kikao chako ni cha namna hiyo, nao wana kanuni kuwa yasemwayo humo hayatoki. Hata hivyo jiwekee mpaka. Sema linalokusaidia, usisimulie starehe za zamani kwa kicheko, wala usimtaje uliyekunywa naye. Kama siku hiyo huna la kusema, sikiliza tu.

Bibi Aisha, kama alivyopokea Bukhari, amesema kuwa lau lingeteremka mwanzo neno "msinywe pombe", watu wangesema hawaiachi kamwe. Zilitangulia aya za Pepo na Moto mpaka nyoyo zikatulia, ndipo yakaja ya halali na haramu. Wale ni Maswahaba, nao walihitaji kuandaliwa, tena wakiwa pamoja. Ndiyo maana siamini mtu anayeniambia ameacha pombe peke yake chumbani na hamhitaji mtu.

Kwa hiyo badilisha watu na njia. Katika hadithi, yule aliyeua watu tisini na tisa, kisha akatimiza mia, mwanachuoni hakumwambia atubu tu, alimwambia aihame ardhi yake kwa kuwa ni ardhi mbaya, aende kwa wanaomwabudu Mungu. Wewe huna haja ya kuuhama mji, lakini mangwe usipite hata kwa kusalimia, na saa ile uliyozoea kunywa ijaze mapema. Kwa wengi ni baina ya Magharibi na Isha. Msikitini chagua mtu mmoja, mwenye kifua, si lazima awe imamu, umwambie: nikikosekana Isha, nipigie. Kwa ushauri wa simu, NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba 1192, ni bure, na walio Tanzania wapige 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Kama dawa uliyopewa ni ile inayomfanya mtu augue akinywa pombe, muulize daktari kuhusu dawa za kikohozi za maji, maana baadhi zina pombe ndani. Na mke asikutilie dawa hiyo kwenye chai kwa siri. Nimeulizwa hili na akina mama zaidi ya mara moja. Haifai kisheria na ni hatari kwa mwili.

Ama majirani watakaokutazama vibaya, wajue kisa cha Abdullah, aliyeitwa kwa jina la utani Himar na alikuwa akimchekesha Mtume. Aliletwa kwa kunywa zaidi ya mara moja, akapigwa. Mtu mmoja akamlaani, Mtume akamkataza, akaapa kuwa alijualo ni kwamba yule ampenda Mungu na Mtume wake. Lililaaniwa tendo, na mtu akabaki katika jamaa.

Na ukiteleza, Mungu apishe mbali, usisubiri Ramadhani nyengine. Oga, sali, rudi kwa daktari siku iyo hiyo na mpigie yule mtu wako, kisha kikao kinachofuata uwepo.

Wallahu aalam.