Mama mkwe anatoa vitu vyote nje

Swali: Shikamoo shangazi. Nimeolewa hapa Mafinga, huu mwaka wa tatu. Kila tarehe 31 Desemba mama mkwe anatuamsha saa kumi alfajiri, vitu vyote vinatolewa uani, na wanaume hawatakiwi ndani mpaka tumalize. Anasema mwaka hauingii nyumba chafu. Mume wangu anaita ushirikina. Lakini jirani mmoja Mwismaili (Mshia mfuasi wa Aga Khan) alinisimulia kwamba wanawake wa Pamir husafisha nyumba kama ibada. Ni kweli? (Mke wa mwana, Mafinga)

Jibu: Marahaba mwanangu. Ni kweli, na jirani yako kakufichia utamu. Pamir ni milima ya Tajikistan, Asia ya Kati, wanakoishi Waismaili wengi, na baridi yake Makete ingeomba radhi. Miezi yote ya baridi moto unawaka ndani, dari na nguzo zinashika masizi. Ikifika Nauruzi, mwaka mpya wao, tarehe 21 Machi, wanawake wanatoa kila kitu nje na kufagia kuanzia juu kwenye dari. Wanaume wanapisha. Wakirudi hawajiingilii tu: wanabisha hodi kwa salamu ya kubariki majira mapya, wanajibiwa, na wananyunyiziwa unga begani. Unga huohuo unachorwa ukutani na kwenye nguzo.

Sasa hizo nguzo. Nyumba yao ina tano, na kila moja ina jina la Mtume au la mtu wa familia yake: Muhammad, Ali, Fatima, Hasan, Husein. Juu kuna tundu la mwanga lenye fremu nne za mraba, moja ndani ya nyingine: ardhi, maji, hewa, moto. Hebu fikiria unafuta masizi kwenye nguzo inayoitwa Fatima. Utalipua kazi?

Wala si mambo ya mbali sana. Nauruzi hiyohiyo, kwa jina la Nairuzi, imo kwenye Kiswahili tangu zamani, na Makunduchi, Zanzibar, bado wanaoga mwaka, yaani kuukaribisha mwaka mpya, kila Julai.

Bibi yangu kule Rungwe alikuwa Mlutheri wa kukemea hirizi. Lakini kabla ya Krismasi alisiriba upya kuta kwa udongo mweupe, akikanda kwa mikono mpaka viwiko, na hakuzungumza na mtu hadi ukuta wa mwisho. Niliwahi kumuuliza anasali au anafanya kazi. Akaniambia nimletee maji.

Kwa hiyo mumeo sikubaliani naye. Ushirikina ungekuwa kumwaga dawa mlangoni. Mama yake anamwaga maji ya sabuni. Ninachomlaumu mama mkwe ni kimoja tu: kuwaacha wanaume wakae nje bure wakiota moto. Wa Pamir angalau wanarudi na baraka mdomoni. Mwambie mumeo ajifunze salamu yake mwenyewe, hata kwa Kihehe, na kabla ya kutoka abebe kabati la vyombo. Mimi lilinivunja kidole cha mguu mwaka ule tulipolibeba wanawake wawili.