Kadi 412, oda nne: banda letu kwenye maonyesho ya ujenzi lililipa?

SWALI: Habari za kazi. Tunatengeneza madirisha na milango ya alumini, karakana yetu iko Vingunguti. Miezi mitatu iliyopita tulishiriki maonyesho ya vifaa vya ujenzi hapa jijini kwa siku tatu. Banda lilikuwa la mita 3 kwa 3, kodi ya nafasi shilingi milioni 6.5. Mwandaaji anatangaza kuwa walifika wageni 9,000. Sisi tulirudi na kadi za biashara na namba za simu 412, na hadi leo tumepata oda nne, jumla shilingi milioni 59 pamoja na VAT. Mkurugenzi anasema tumetupa hela, mimi naona tulifanikiwa. Nani yuko sahihi, na mwakani turudi? (Meneja mauzo, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu meneja, kwa hesabu ulizotuma mkurugenzi yuko mbele kidogo, ila ni mapema kumpa ushindi. Hiyo 9,000 na hiyo 412 hazipimi mnachobishania.

Tuanze na 412. Banda la mita za mraba 9 linatosha wauzaji wawili. Wa tatu akiingia, mgeni anabaki kwenye ujia. Tuseme kila muuzaji alisimama saa 7 kwa siku, kwa siku 3. Hizo ni saa 42 za kazi kwa wote wawili. Mazungumzo ya maana kuhusu madirisha (mgeni anajenga nini, wapi, amefika hatua gani, nani anaamua) huchukua dakika kama 10, na 2 za kuandika. Ni watu 5 kwa saa, yaani 210 kwa maonyesho yote, na hapo hakuna aliyekwenda kula wala kupokea simu. Kwa hiyo karibu nusu ya zile 412, kama si zaidi, hazina mazungumzo yoyote nyuma yake. Ziliingia kwenye bakuli la bahati nasibu, au mtu aliacha namba ili apate kofia.

Zipitieni upya moja moja na wale wauzaji wawili, kabla hawajasahau zaidi. Kundi la kwanza ni mwenye kazi inayohitaji madirisha ndani ya miezi mitatu na ambaye ana sauti kwenye malipo. La pili ni mwenye kazi ya baadaye, pamoja na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Wataalamu hawa hawatawalipa hata senti, lakini aina ya profaili yenu (vipande vya alumini vya fremu) ikiingia kwenye vipimo vya kazi, yaani maelezo ya vifaa vya kutumia, mkandarasi atawatafuta mwenyewe. Waliobaki ni kundi la tatu. Wanafunzi waweke humo, ila msiwadharau. Baada ya miaka michache ndio watakaoandika vipimo hivyo.

Kwa bidhaa yenu kuna swali moja linalozidi yote, na kwenye mabanda mengi haliulizwi: nyumba imefika wapi? Watu wengi wa Dar hujenga kidogo kidogo. Aliye kwenye msingi huenda asinunue fremu mwaka huu. Aliyefunga lenta bado ana mbao na mabati ya kulipia, na paa humaliza hela. Aliyepaua na kuanza plasta ndiye wa wiki hizi, kwa sababu tundu la dirisha hupimwa vizuri kingo zikishapigwa plasta. Ukipima mapema, fremu inakuja kubwa kuliko tundu na fundi anaanza kuchonga ukuta. Miradi mikubwa nayo ni vilevile: madirisha huja baada ya zege na kuta, kwa hiyo mkandarasi aliyewapa kadi akiwa bado anachimba msingi wa ghorofa anaweza kuagiza mwaka kesho. Ndiyo maana miezi mitatu haitoshi kuhukumu. Pimeni siku ya 30, ya 90, ya 180 na ya 365, na hukumu ya mwisho iwe hiyo ya mwaka.

Sasa hela. Kodi ya nafasi mara nyingi ni kama theluthi moja tu ya gharama nzima. Ongezeni ujenzi wa banda, umeme, uchapaji, sampuli na gari la kuzibeba, posho, na mishahara ya siku ambazo wauzaji hawakuwa kazini kwao. Tukadirie milioni 19.5 hadi mtakapopata risiti zote. Upande wa pili, milioni 59 si zenu zote. Gawanyeni kwa 1.18 kuondoa VAT, inabaki milioni 50. Faida ghafi ikiwa asilimia 22 (wekeni ya kwenu), mmeingiza milioni 11. Pengo ni milioni 8.5. Ili kurudisha gharama mnahitaji mauzo ya takriban milioni 88.6 kabla ya VAT, au milioni 104.6 kwenye ankara.

Kisha tazameni proforma (ankara za bei mlizotoa kabla ya oda) ambazo hazijajibiwa. Kama zina jumla ya milioni 140 bila VAT, na kwa kawaida proforma moja kati ya tano hugeuka oda, hesabuni milioni 28, ambazo ni faida ya kama milioni 6.2. Jumla inakaribia 17.2, bado haijatosha. Na kama kati ya zile oda nne yumo mteja aliyekuwa na proforma yenu kabla ya maonyesho, mtoeni. Hapa ndipo mameneja mauzo hujidanganya zaidi, tuseme ukweli.

Kuhusu wageni 9,000, mwulizeni mwandaaji: hao ni watu au ni ziara? Aliyeingia siku zote tatu ni mgeni mmoja mwenye ziara tatu, na UFI, shirikisho la kimataifa la sekta ya maonyesho lililoanzishwa 1925, hutenganisha hesabu hizo mbili. Je, wafanyakazi wa mabanda na wapishi wamo? Takwimu zilikaguliwa na mtu wa nje? Ombeni mgawanyo wa wageni kwa kazi zao: makandarasi, wabunifu, wenye maduka ya vifaa, wenye nyumba. Ombeni pia asilimia ya waonyeshaji waliokwisha kulipia nafasi ya mwakani, kipimo ninachokiamini kuliko idadi ya langoni, kwa sababu hao wameshapiga hesabu zao. Ukubwa wa maonyesho usomeni kwa mita za mraba zilizokodishwa, si eneo la ukumbi, kwani njia na jukwaa zinaweza kula nusu.

Akiwaonyesha utafiti wa kuridhika kwa wageni, ulizeni walihojiwa wangapi na wapi. Watu 400 waliochaguliwa bila upendeleo kwenye lango la kutokea hutoa jibu lenye kosa la kama asilimia 5 juu au chini. Watu 400 waliohojiwa kwenye chumba cha wageni maalumu hawasemi chochote kuhusu ukumbi. Na msilinganishe na Sabasaba. Kule Barabara ya Kilwa familia huja na watoto na kununua palepale. Madirisha hayauzwi hivyo.

Mkirudi, bakuli la kadi libaki ofisini. Tumieni fomu ya nusu ukurasa: jina, kazi, eneo la ujenzi, hatua ya ujenzi, idadi ya madirisha, nani anaamua, na kisanduku cha kukubali kupigiwa simu. Kisanduku hicho si urembo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa pia namba za WhatsApp mnazozitumia kutuma matangazo. Kundi la kwanza lipigiwe ndani ya saa 48, maana mgeni huyohuyo alipita kwenye mabanda mengine ya alumini siku hiyohiyo. Kila proforma itokanayo na maonyesho ipewe herufi yake mwanzoni mwa namba, ili mhasibu aweze kuzichambua mwaka ukiisha bila kutegemea kumbukumbu ya muuzaji.

Kwa sasa msilipe amana. Subirini hesabu ya siku ya 180. Mauzo yakifika milioni 88.6 bila VAT, bila kumhesabu mteja wa zamani, chukueni banda lilelile. Yakiwa chini ya milioni 70, hela hiyo mpeni muuzaji mmoja na pikipiki, azungukie nyumba zilizopauliwa kuanzia Bunju hadi Kigamboni.