Madirisha ya Juni

Shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020, baada ya watoto kukaa nyumbani tangu katikati ya Machi kwa sababu ya korona, sisi huku Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, tulikuwa katikati ya baridi. Anayeijua Mufindi ya Juni hahitaji maelezo. Ukungu haunyanyuki mpaka saa nne asubuhi, na mtoto anafika shuleni vidole vimekufa ganzi, kalamu haishikiki. Tulikuwa tumejiandaa: ndoo zenye koki mlangoni, sabuni, barakoa za vitenge walizoshona akina mama wa kijijini. Watoto wakanawa, wakaingia darasani, na sisi walimu tukafunga madirisha.

Ndiyo maana naandika. Walimu wenzangu wa Makete, Njombe, Uporoto na huku kwetu, tunajua kunawa. Kinachotushinda ni hewa.

Korona husafiri kwenye pumzi. Mtu akiongea, akiimba au akikohoa, matone mazito huanguka chini, lakini chembe ndogo sana hubaki zikielea chumbani kama moshi wa jikoni, na kila aliyemo anazivuta. Kifua kikuu nacho hupita njia hiyohiyo, na hakikuanza 2020. Kwa hiyo usiseme korona imeisha, dirisha lina kazi gani tena.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: hewa mpya isiyopungua lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu aliye chumbani. Shuleni kwetu hatukuwa na kifaa cha kupima lita. Tulikuwa na udi. Jumamosi moja tuliwasha vijiti vitatu katikati ya darasa tupu, tukakaa pembeni kuangalia. Madirisha yakiwa yamefungwa, moshi ulitanda darini na haukwenda popote. Tukafungua dirisha moja, ukazunguka palepale. Tulipofungua na la ukuta wa mkabala, ulitoka kana kwamba umeitwa. Tangu siku ile sikuhitaji tena kumshawishi mwalimu yeyote kwa maneno. Jaribu kwako kabla hujanunua chochote: ni madirisha mawili yanayotazamana, si mawili ya upande mmoja.

Kisha baridi. Hapa ndipo maelekezo mengi yanapokwama, kwa sababu huwezi kumwambia mtoto wa darasa la pili avumilie upepo wa kusi kwa ajili ya kitu asichokiona. Atalifunga dirisha ukigeuka, na ana haki. Ukitaka dirisha libaki wazi, mpashe mtoto joto kwanza. Tulianza na sare. Kulikuwa na kanuni yetu wenyewe, sweta la shule tu, koti la nyumbani ni kosa. Tukaiondoa kwa miezi ya Juni hadi Agosti. Makoti ya mitumba yakaja ya kila rangi, kofia za sufu zikabaki vichwani hata mwalimu akiwa anafundisha. Mstari wa paredi haukupendeza, na sikujali hata kidogo. Kamati ya shule ikakubaliana na wazazi juu ya mahindi na kuni, uji ukawa saa tatu badala ya saa nne na nusu. Mtoto mwenye uji wa moto tumboni hagombani na dirisha.

Upande unakotoka upepo tulifungua vidirisha vya juu pekee, hewa baridi ichanganyike kabla ya kushuka vichwani, na upande wa pili tukafungua kabisa. Wakati wa mapumziko yote yanakuwa wazi, mlango pia, na hakuna anayebaki ndani.

Kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba. Sisi tulikuwa na zaidi ya 70, na maneno ya kukaa mbalimbali yalikuwa hayawezekani, nisidanganye. Tulichoweza ni madawati yote kutazama mbele, na masomo ya kuimba na kukariri kwa sauti kupelekwa nje jua likichomoza.

Maji yalitufundisha jambo hilohilo la baridi. Watoto walikuwa wanachovya ncha za vidole na kukimbia. Mpishi ndiye aliyeligundua, akawa anaacha sufuria juu ya makaa ya uji na kuchanganya kwenye ndoo. Watoto wakaanza kunawa mpaka viwiko bila kuambiwa.

Sasa ofisi ya walimu, ambayo kila mtu huisahau. Chumba kidogo, walimu kumi na mmoja, jiko la mkaa katikati, mlango umefungwa, daftari za kusahihisha mpaka darini. Tuliwapangia watoto kila kitu, sisi tukakaa humo kwa saa nyingi. Mapema 2021 mwenzetu aliyekaa meza ya pembeni yangu aliugua ile tuliyokuwa tunaiita changamoto ya upumuaji, badala ya kutaja korona. Alipona, lakini ilimchukua muda mrefu kuweza kusimama kipindi kizima. Naomba muanzie hapo. Toeni jiko la mkaa, maana kwenye chumba kilichofungwa gesi yake ya sumu, isiyoonekana wala kunuka, peke yake inaua. Sahihisheni kwa zamu, na mwenye kisukari, pumu au umri mkubwa apewe meza iliyo karibu na dirisha.

Kwa shule inayojenga, usisubiri chumba kikamilike. Sehemu ya ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania iliupata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa korona ilielekezwa kwenye madarasa 15,000 nchi nzima, na ujenzi haujakoma. Ongea na fundi kabla hajapita lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha. Mweleze unataka madirisha kuta zote mbili ndefu, na safu ya tofali za matundu juu yake. Kumbuka pia kwamba dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. La mbao la bawaba hufunguka lote, na mbao kwetu si tatizo.

Darasa letu jipya lina matundu hayo. Juni iliyofuata nilikuta matatu yamezibwa kwa magunzi. Niliyazibua, kisha nikauliza ni watoto gani wanakaa chini yake, na jioni nikaenda kwa mama zao kuulizia kofia.