Anti, nimeolewa na mjeda lakini roho yangu iko shambani

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma yote, ngoja wasomaji wengine niwape kwa ufupi. Dada huyu kazaliwa Kibosho kule Moshi, kakulia kihambani, yani kwenye shamba la ukoo la Kichaga, kaolewa na mwanajeshi, wana watoto wawili, saa hivi wanakaa kota huku Monduli baada ya kuhamishwa kutoka Songea. Mume yuko misheni nje ya nchi. Mama yake mzazi kabaki peke yake kijijini, kahawa inazeeka, na kaka mkubwa ameshaanza kusema mtoto wa kike akiolewa hana chake pale. Anataka arudi akalime, mume anamjibu kwenye simu "unakosa nini wewe, maji yapo, umeme upo, hela natuma". Sasa anauliza, anti, mimi ni mke asiye na shukrani?

Hapana mwanangu, na usijiite hivo tena.

Mimi kilichoniuma ni yale mahindi ya Songea. Yani umelima nyuma ya nyumba, umepalilia na mtoto mgongoni, yameshatoa mbelewele, mara uhamisho huo, mnapakia magodoro na masufuria kwenye gari, mahindi anakuja kuchoma mtu mwingine. Asiyelima ataona ni mahindi tu. Ila wewe umekulia nyumba ambayo unakata majani ya ng'ombe kabla ya kwenda shule, msimu wa kahawa mnachuma mchana, jioni mnamenya kwa mashine ya mkono, mnalala mikono inanuka buni, kesho yake mnageuza kwenye kichanja na kutoa mbovu moja moja. Hiyo ndo kazi uliyokuwa unaijua, afu ukaolewa ukakuta huna cha kushika toka watoto wakienda shule mpaka warudi. Nakuona kama mtu aliyeachishwa kazi bila hata barua.

Mumeo nae usimfanye adui lakini. Kwake kota ni usalama, yuko mbali, anataka akilala ajue mke na watoto wako ndani ya geti, na majirani ni wanawake ambao waume zao nao ni wajeda kwahiyo likitokea la kutokea hutakuwa peke yako. Tunaokumbuka Desemba 2017 wanajeshi wetu walivyouawa Kongo upande wa Beni, tunaelewa kwanini anang'ang'ania hilo. Mwambie unaelewa, tena umwambie kabla hujaanza madai yako.

Afu ndo umwambie hili. Kota ni ya kazi, siku akistaafu funguo zinarudi, na askari wa vyeo vya chini wanastaafu mapema kuliko mwalimu au nesi, wengine watoto bado wako sekondari. Mtaenda wapi? Kwahiyo hayo mambo ya nirudi au nibaki weka pembeni kwanza, muulize ardhi yetu iko wapi na jina langu liko kwenye karatasi gani. Hela ya misheni ndo hela ya kununulia shamba, ikishaingia kwenye gari imekwenda hiyo. Na mnunue kwa majina mawili. Akikwambia hela ni yake, ujue tu kwamba mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Sikwambii umtishie nayo, nataka tu usiongee kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Kaka yako usigombane nae kwenye simu wala kwenye grupu la familia, nakuomba sana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu, lakini wewe una kitu kizuri kuliko kesi, mama yako yupo hai na ana akili zake. Akae na ukoo, aseme mwenyewe anataka nani alime wapi, iandikwe, watu wasaini, mwenyekiti wa kijiji awepo. Hili lifanyeni mapema jamani, maneno ya kihamba huwa yanaanza hata matanga hayajaanuliwa.

Kuhusu kulima sioni kwanini usubiri. Monduli na Kibosho sio mbali kiasi cha kuvunja ndoa, ukifika Arusha mjini mpaka Moshi ni kama kilomita 80. Mwambie mumeo kwanza, usiende kimya kimya, afu anza na wikiendi, watoto nao wakamjue bibi yao. Mikahawa iliyochoka ng'oa kidogo kidogo, usifyeke yote mama akakosa hata ya msimu huu, na migomba iache ndo kivuli chenyewe. Pita TaCRI, ile taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo uulizie miche inayostahimili chulebuni, ule ugonjwa unaoharibu buni, na kutu ya majani. Mkahawa unataka kama miaka mitatu ndo uanze kuchuma cha maana, na hapo katikati mnaweza kuhamishwa tena, lakini safari hii shamba litabaki na mama, halipakiwi kwenye gari.

Miche uagize sasa hivi, na kijana wa kuchimba mashimo umtafute mapema, mwezi wa tatu masika yakianza yakute samadi imeshaingia.