Tawi jipya la Git halionekani kwa wenzangu

SWALI: Natumia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Nimefungua tawi (mkondo wa kazi wa pembeni) linaloitwa malipo kwenye kompyuta yangu, nikafanya komiti tatu (yaani nimehifadhi mabadiliko mara tatu), kisha nikaandika git push. Git imekataa, inasema tawi halina "upstream". Wenzangu nao hawalioni. Nimekosea wapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Hujaharibu kitu. Tawi ulilofungua kwa git switch -c malipo hukaa kwenye mashine yako tu mpaka ulipeleke mwenyewe, na Git haijaambiwa lilingane na tawi gani la mbali, yaani lile linaloitwa upstream. Andika:

git push -u origin malipo

Origin ni jina ambalo git clone huipa ripozitori (hifadhi ya mradi) ulikonakili kazi. Kama yako inaitwa vingine, git remote -v itakuonyesha. Hiyo -u ndiyo inayofunga uhusiano wa matawi mawili. Ukiiacha, tawi litafika salama, lakini git push ya kesho itakataliwa vilevile. Hakikisha kwa git branch -vv: kwenye mstari wa malipo pawe na [origin/malipo].

Ukijibiwa "src refspec malipo does not match any", kagua herufi za jina kwanza. Kama jina ni sahihi na ripozitori ni mpya kabisa, basi bado hujafanya komiti hata moja, na hakuna cha kupeleka.

Kosa la hatari zaidi liko kwingine. Ukifungua tawi kwa git switch -c malipo origin/main, Git hulifunga na main, tawi kuu la mradi, papo hapo. Ukiandika git push itakataa kwa kuwa majina hayalingani, kisha itakupa amri mbili za kuchagua. Ya kwanza, git push origin HEAD:main, hupeleka kazi yako moja kwa moja kwenye main. Tafadhali usiinakili kwa haraka! Unayoitaka ni git push -u origin HEAD (HEAD ni tawi ulilopo sasa). Au epuka tatizo tangu mwanzo kwa kuongeza --no-track unapofungua tawi, ili lisifungwe na main.

Mwenye Git 2.37 (ya mwaka 2022) au mpya zaidi aandike mara moja tu git config --global push.autoSetupRemote true. Baada ya hapo git push tupu inatosha kwa kila tawi jipya lisilo na upstream.

Wenzako nao waandike git fetch, halafu git switch malipo. Bila fetch hawataliona, hata kama limeshafika.