Jibu: Pikoboli saa nane mchana, Malindi, msimu wa kaskazi

Ndugu, umeuliza kama mwanafunzi wa pikoboli (pickleball, mchezo wa kupiga mpira wa plastiki wenye matundu kwa kibao, kuupitisha juu ya wavu) anaweza kuanza mazoezi saa nane mchana mwezi wa Februari. Usianze saa hiyo. Joto lenyewe ni nusu ya tatizo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka, na mwili hupoa pale jasho linapokauka. Sakafu ya saruji nayo inakurudishia joto kutoka chini.

Cheza saa 12 hadi saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Wiki ya kwanza dakika 20 hadi 30 zinatosha, kisha ongeza kidogo kidogo. Mwili huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili. Kunywa glasi moja ya maji kila dakika 15 au 20. Madafu ni mazuri, ila chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo ukitoka jasho jingi changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiwa umefunga, subiri usiku.

Mpira ukipita juu ya kichwa, usirudi kinyumenyume: geuka, kisha kimbia. Wanaoanza huanguka sana hapo.

Kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza: acha, kaa kivulini, jimwagie maji. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, usimnyweshe kitu, na apelekwe hospitali mara moja huku mkiendelea kumpoza njiani.