Bloku zote zikionekana mbovu, chunguza dereva kabla ya chipu

Katika karakana yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, ruta nyingi zinazokuja na malalamiko ya kumbukumbu huwa na chipu nzima kabisa. Kerneli (kiini) ya Linux inapowaka huorodhesha bloku mbovu, yaani mafungu ya kurasa za kumbukumbu yasiyofaa kutumika, moja baada ya nyingine, na kijana anayejifunza kazi husema, «Papa, chipu imekufa, tuitoe.» Mimi humwambia aweke chini mashine ya hewa moto, kwanza asome baiti ghafi, yaani zilivyo kwenye chipu bila kurekebishwa.

Chipu ya NAND, aina ya kumbukumbu inayotunza data hata umeme ukizimwa, kuwa na bloku chache mbovu tangu kiwandani ni jambo la kawaida: kwa chipu nyingi za megabaiti 128, zenye bloku 1024, mtengenezaji huahidi nzima zisizopungua 1004. Bloku mbovu huwekewa alama katika eneo la ziada la ukurasa. Kwenye kurasa za baiti 2048, alama kwa kawaida ni baiti ya kwanza ya zile 64 za ziada. 0xFF (biti zote nane ni 1) maana yake bloku ni nzima, thamani nyingine maana yake ni mbovu. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo husema kama alama iko kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili au wa mwisho, na inafaa isomwe bila kukisia.

Tatizo huanzia kwenye kidhibiti, saketi inayosoma na kuandika chipu. Vingi hugawa ukurasa katika vipande vya baiti 512 na kupachika baiti za kurekebisha makosa baada ya kila kipande. Tuseme ni 16: vipande vinne vyenye baiti 528 vinajaza zote 2112, na nafasi ya 2048, ambako kiwanda kiliacha alama, sasa inaangukia ndani ya data ya kipande cha nne. Dereva, yaani programu ya kerneli inayoendesha kidhibiti, akisoma hapo, anasoma faili ya mteja na kuiita alama. Ndiyo maana dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: bloku tupu zinaonekana nzima, zilizoandikwa zinaonekana mbovu. Chipu iliyochakaa haichagui hivyo.

Kwa hiyo tumia nanddump, amri ya Linux ya kusoma chipu ya NAND, ukiwa umezima urekebishaji wa makosa na kuomba eneo la ziada, kisha linganisha bloku tupu na iliyoandikwa. Baadhi ya madereva, kama yule wa GPMI, kidhibiti cha NAND katika vichakataji vya i.MX, hubadilishana baiti hiyo na nyingine ili alama isipotee. Ukiandika dereva wako bila hatua hiyo, utaona kasoro hii hii.

Amri ya nand scrub katika U-Boot, programu inayowaka kabla ya Linux, usiiguse. Hufuta hata bloku zilizowekewa alama, na alama za kiwandani zikishafutika hakuna namna ya kuzirudisha kama hukuhifadhi orodha yake.

Umeme wetu unaokatika ovyo unaongeza jambo jingine. Linux inaweza kuhifadhi jedwali la bloku mbovu, pamoja na nakala yake, katika bloku za mwisho za chipu. Vyote viwili vikiharibika, dereva hukagua chipu upya, na kama data imeshakalia nafasi za alama, hujenga jedwali la uongo. Kwa sababu hiyo, orodha ya bloku mbovu ninaitoa chipu ikiwa bado tupu na kuiweka kwenye kompyuta, na jedwali likipotea ninalijenga kutokana na orodha hiyo.